Daktari Ameandika Nini?

“Mgonjwa huyu hana uwezo wa kufanya kazi.” Sentensi hiyo huandikwa kila siku kwenye karatasi zenye nembo za kliniki nchini Marekani, hutiwa saini na kukabidhiwa mgonjwa, naye huondoka akiamini kwamba suala la mafao yake ya ulemavu limekwisha. Kisheria, haina uzito. Kanuni za Idara ya Hifadhi ya Jamii, ile tunayoiita SSA, zinasema kwamba kuamua nani ni mlemavu na nani hawezi kazi ni mamlaka ya Kamishna wa idara hiyo. Daktari akitoa kauli hiyo, anayeamua maombi hana hata wajibu wa kueleza ameichukuliaje. Anaipita tu.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu limewaumiza wengi wanaozungumza lugha yetu. Tangu miaka ya 2010 maelfu ya Wakongo wamepokelewa Marekani kama wakimbizi, na leo Kiswahili kinasikika Louisville, Phoenix, Houston na Grand Rapids. Wengi walianzia kwenye kazi zinazokula mwili: viwanda vya nyama, maghala, kuwainua na kuwaogesha wazee. Miaka inapita, mgongo unakataa, bega linakataa, vidole vinakufa ganzi. Hapo jirani au ndugu wa kanisani anatoa ushauri: nenda kwa daktari akupe barua, uipeleke Sosho, yaani SSA. Ushauri huo unatoka moyoni, lakini umewafanya watu wasubiri miezi na miezi kisha wapokee barua ya kukataliwa.

Kosa linaanzia kwenye kutojua kinachopimwa. Programu ni mbili. SSDI ni bima ya ulemavu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1956, na hulipwa mtu aliyeichangia kupitia makato ya mshahara wake. SSI ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kulipa Januari 1974. Hiyo ni ya wazee, wasioona na walemavu wenye kipato na mali kidogo, wawe wamechangia au la. Mwaka 2025 malipo ya juu ya SSI kutoka serikali kuu yalikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kwa mtu mzima kipimo cha ulemavu ni kimoja kote kuwili: asiweze kufanya kazi yoyote ya maana ya kumpa kipato, kwa sababu ya tatizo la mwili au la akili linalothibitika kitabibu, ambalo limedumu au linatarajiwa kudumu miezi 12 mfululizo, au kuishia kwenye kifo. Kwa mwaka huohuo wa 2025, aliyekuwa akipata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi, na si kipofu, kwa kawaida alihesabiwa kuwa anafanya kazi ya namna hiyo.

Hapa hakuna nusu. Mkenya anayeijua Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini ya mwaka 2007 amezoea daktari kutaja asilimia ya ulemavu, na asilimia hiyo ndiyo inayozaa kiasi cha fidia. Hata askari wastaafu wa Marekani wana mfumo wao wa asilimia. SSA haina. Unaweza au huwezi, na swali halihusu kazi uliyoumia nayo peke yake. Linahusu pia kazi nyingine zilizopo nchini ambazo hujawahi kuzifikiria, kama vile kukaa mezani ukikagua vipande vidogo vya bidhaa. Ndiyo maana jina la ugonjwa halitoshi. Watu wawili wana kisukari kilekile. Mmoja anaendesha lori, mwingine hahisi nyayo zake. Faili inayosema “kisukari” haijasema ni yupi kati yao.

Kazi ya ripoti ya daktari, basi, ni kuugeuza ugonjwa kuwa saa, uzito, umbali na siku. Anaweza kukaa kwa muda gani kabla ya kulazimika kusimama? Anaweza kubeba kilo ngapi, na mara ngapi kwa siku? Mkono wa kulia unaweza kushika vitu vidogo kwa saa ngapi? Katika mwezi mmoja, atashindwa kufika kazini siku ngapi? Daktari anayejibu maswali hayo, akaonyesha ameyajuaje, ameandika ripoti. Asiyejibu ameandika salamu.

Lakini kabla ya ripoti kuna daftari la kliniki, na wengi hawajui kwamba hilo ndilo linalosomwa kwanza. Unapoomba, unatia saini fomu SSA-827, inayoiruhusu serikali kuchukua kumbukumbu zako za matibabu. Faili lako linakwenda kwa ofisi ya jimbo inayotathmini ulemavu kwa niaba ya SSA. Huko linashikwa na mtathmini akishirikiana na daktari mshauri ambaye hajawahi kukuona, wala hatakuona. Wao wanasoma kile ambacho daktari wako aliandika kila ulipokwenda, tangu ziara ya kwanza, wakati wala hukuwa na wazo la kuomba chochote.

Na humo ndimo adabu yetu inapotugeukia. Mtu wa Uvira au wa Tabora akiulizwa na daktari anaendeleaje, kwanza atasema hajambo, anamshukuru Mungu. Ndivyo alivyolelewa, malalamiko hayatangulii salamu, na mbele ya mtu wa heshima hayatolewi kwa pupa. Mkalimani anatafsiri kwa haki kabisa, na daktari mwenye dakika 15 za kumwona mgonjwa anaandika: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Akija mara sita kwa mwaka, faili lina mistari sita ya “anaendelea vizuri”. Siku daktari huyohuyo atakapoandika kwamba mgonjwa hawezi kukaa zaidi ya nusu saa, mtathmini ataweka barua upande mmoja na mistari sita upande wa pili, na atasema barua haipatani na kumbukumbu za mwandishi wake mwenyewe. Ninasisitiza, hakuna aliyedanganya hapo. Mgonjwa alisalimia, mkalimani alitafsiri, daktari aliandika alichosikia, mtathmini alisoma kilichoandikwa. Na mtu mgonjwa kweli amenyimwa haki yake.

Dawa yake inaanzia ndani ya chumba cha daktari. Salamu ziishe, kisha mgonjwa aseme: tangu nilipokuja mara ya mwisho, hivi ndivyo nilivyoshindwa. Siku tatu sikuweza kufunga vifungo vya shati. Nilikaa kwenye basi dakika 20 nikalazimika kusimama. Dawa ya usiku inanilaza mpaka saa nne asubuhi. Na aombe iandikwe. Mkalimani akiyakata maelezo ya dakika mbili yakawa “ana maumivu ya mgongo”, kitakachobaki ni maumivu ya mgongo, kama ya mtu yeyote aliyelala vibaya. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na mtoto hapaswi kutumiwa kumtafsiria mzazi isipokuwa kwenye dharura. Msichana wa miaka 13 hatasema mbele ya daktari kwamba baba yake hulia usiku au hashiki haja. Hilo halitaingia kwenye faili, na pengine ndilo lililokuwa ushahidi wenyewe.

Jambo la pili ni kusoma. Sheria ya Marekani inampa mgonjwa haki ya kuziona kumbukumbu zake za matibabu na kuomba zirekebishwe penye kosa. Kliniki nyingi huziweka kwenye akaunti ya mgonjwa ya mtandaoni, na mtoto wa chuo au rafiki msomi anaweza kukaa na mzee jioni moja wakazipitia. Wasizisome baada ya kukataliwa. Wazisome kabla serikali haijazisoma.

Sasa turudi kwenye uzito wa neno la daktari, maana hapa sheria imebadilika na watu wengi, wakiwemo madaktari, hawajapata habari. Historia yake inaanzia kwa dereva wa lori wa San Antonio, Texas, aitwaye Pedro Perales, aliyeumia mgongo Septemba 1965 akiinua mzigo kazini. Kwenye usikilizaji wa madai yake, daktari wake, Max Morales, alifika mwenyewe na kutoa ushahidi kwamba mtu huyu ameumia na hawezi kazi. Upande wa pili palikuwa na makaratasi: ripoti za madaktari waliomchunguza Perales lakini hawakuwepo, pamoja na mshauri wa kitabibu aliyeketi mezani akizifafanua bila kuwahi kumgusa mgonjwa. Perales akashindwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 3 Mei 1971 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba ripoti ya maandishi ya daktari aliyemchunguza mwombaji inaweza kuwa ushahidi wa kutosha wa kumnyima mafao, hata kama daktari huyo hakufika kuhojiwa, ilimradi mwombaji alikuwa na nafasi ya kuomba aitwe na hakuitumia. Majaji walitazama wingi wa madai na kuona kwamba mfumo usingeweza kumwita kila daktari. Jaji Douglas aliandika maoni ya kupinga, akiungwa mkono na Black na Brennan.

Mimi naona watatu hao walikuwa na hoja nzito, lakini uamuzi umesimama kwa zaidi ya miaka 50 na umeutengeneza mfumo mzima kuwa mfumo wa karatasi. Matokeo yake kwa mwombaji yana pande mbili. Daktari wako naye hahitaji kufika. Karatasi yake inaweza kumsemea. Ila karatasi haiulizwi swali ikajibu. Kama haikueleza sababu siku ilipoandikwa, hakuna wa kuieleza siku inaposomwa.

Kwa miaka mingi palikuwa na kinga fulani. Mahakama za rufaa za shirikisho, hasa ile ya New York, zilishikilia kwamba daktari anayemtibu mtu kwa muda mrefu anamjua kuliko mchunguzi wa siku moja, na mwaka 1991 SSA iliweka kanuni yake yenyewe: maoni ya daktari anayetibu, yakiwa na msingi mzuri wa kitabibu na yasipopingana na ushahidi mwingine mzito, yanaamua. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ilikataa kuzilazimisha bima za ulemavu za waajiri binafsi zifuate kanuni hiyo, kwa hiyo anayedai kutoka bima ya kazini asidhani sheria ni moja. Kwenye SSA, hata hivyo, iliendelea kuwepo.

Ikaondolewa kwa maombi yote yaliyowasilishwa tangu tarehe 27 Machi 2017. Kwa maombi hayo hakuna daktari ambaye neno lake linatangulia kwa sababu tu ya nafasi yake. Maoni ya daktari aliyekutibu miaka kumi, ya mchunguzi aliyekuona mara moja na ya mshauri aliyesoma faili tu yanapimwa kwa vigezo vilevile, na viwili ndivyo vikubwa: je, daktari ametoa ushahidi na maelezo yanayobeba maoni yake, na je, maoni hayo yanapatana na ushahidi mwingine ulio kwenye faili? Urefu wa uhusiano na utaalamu wake vinatazamwa baadaye. SSA ilieleza kwamba tiba imebadilika, kwamba siku hizi mgonjwa huonwa na watu wengi kwenye timu badala ya daktari mmoja wa familia. Ni kweli kwa kiasi. Lakini jibu la ukweli huo lingekuwa kuisikiliza timu nzima. Kilichotokea ni kumpunguzia uzito yule mmoja aliyebahatika kumjua mgonjwa, na mzigo ukawaangukia wagonjwa wa kliniki za jamii, ambako daktari ana foleni nje ya mlango na hana nusu saa ya kuandika maelezo. Mwenye pesa humlipa mtaalamu akaandika kurasa nne. Mwenye SSI hupata mistari miwili. Huo si usawa, na sitaacha kusema hivyo.

Kanuni hizohizo za 2017 zilileta jambo moja jema. Wauguzi wenye leseni ya juu ya kutibu, wasaidizi wa madaktari na wataalamu wa usikivu waliongezwa kwenye orodha ya wanaokubalika kuthibitisha kwamba ugonjwa upo. Kwa watu wetu hao ndio wanaotuona mara nyingi, na daktari mwenyewe hatujapata kumwona. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo au mfanyakazi wa ustawi wa jamii hawezi peke yake kuthibitisha ugonjwa, lakini akieleza kwamba katika vipindi vyote mgonjwa alishindwa kunyanyua mkono juu ya bega, hilo ni ushahidi wa uwezo na linapaswa kuingia.

Ripoti nzuri basi ikoje? Tumchukulie mama wa miaka 47, tumwite Mama Furaha, aliyekata nyama kwenye mkanda wa kiwanda mpaka viganja na shingo vikaharibika. Barua dhaifu ingesema ana mishipa iliyobanwa kwenye viganja na uti wa shingo uliochakaa, na hawezi kazi. Barua yenye nguvu ingeandikwa hivi: nimemtibu tangu tarehe fulani, kila baada ya miezi miwili. Kipimo cha neva cha tarehe fulani kilionyesha mishipa ya viganja vyote imebanwa vibaya. Nimepima nguvu za kushika mara nne na kila mara zimepungua. Kwa sababu hiyo anaweza kushika na kugeuza vitu kwa mikono yote kwa muda usiozidi theluthi ya siku ya kazi, na vitu vidogo kwa nadra sana. Picha ya shingo inaonyesha neva imeguswa. Akiinamisha kichwa zaidi ya dakika 15 maumivu yanashuka mkononi, jambo nililoliona mwenyewe wakati wa kumchunguza. Dawa anazotumia humletea usingizi mchana. Hali hii ilianza kabla ya tarehe fulani na sitarajii itengemae ndani ya miezi 12.

Tofauti ya barua hizo mbili iko kwenye maneno “kwa sababu hiyo”. Kila kizuizi kimefungwa kwenye kipimo au kwenye jambo lililoonwa. Nambari nazo zina kazi yake, maana SSA inazo za kwake. Kazi ya kukaa, iliyo nyepesi kuliko zote, inamtaka mtu ainue si zaidi ya pauni 10, yaani kilo nne na nusu hivi, akae takriban saa sita kati ya nane na asimame au kutembea takriban saa mbili. Kazi nyepesi inapanda hadi pauni 20, na nyingi kati yake ni za kusimama sehemu kubwa ya siku. Daktari akiandika “asinyanyue vitu vizito”, hajamwondoa mgonjwa hata kwenye kazi nyepesi. Akiandika “aepuke kusimama kwa muda mrefu”, amemweka mezani, kwenye kiti, akifanya kazi ya kukaa.

Fomu za kutia alama za vema zina hatari yake. Mawakili huzipenda kwa kuwa zinauliza maswali yanayotakiwa, na daktari huzipenda kwa kuwa zinamalizika haraka. Majaji wameshaziona nyingi, na alama isiyo na maelezo pembeni huanguka kirahisi kwenye kile kigezo cha kwanza. Mistari mitatu ya maelezo chini ya kila alama ina thamani kuliko ukurasa mzima wa alama.

Kwa magonjwa ya akili ugumu unazidi, na kwa watu waliotoka Kivu au waliokulia kambini ni jambo la kila siku. SSA inapima maeneo manne: kuelewa, kukumbuka na kutumia maelekezo; kuhusiana na watu; kuweka mawazo kwenye kazi na kwenda na kasi yake; na kujirekebisha na kujitunza. Ripoti inayosema mgonjwa aliona vita na ana msongo wa mawazo inaeleza kilichompata. Bado haijaeleza kwamba akisikia mashine ikigonga ghafla anaondoka kwenye mkanda, au kwamba maelekezo ya hatua tatu anayapoteza hatua ya pili. Mtaalamu anayeyajua hayo ni yule aliyeuliza, na ataandika akiombwa kuandika hayo hasa.

Ushahidi ulio kwenye faili usipotosha, serikali hukutuma kwa mchunguzi inayemlipa yenyewe. Usipokwenda bila sababu nzuri unaweza kukataliwa kwa hilo tu. Wachache wanajua kwamba kanuni zinampa kipaumbele daktari wako mwenyewe kufanya uchunguzi huo kama ana sifa, vifaa na nia, na hilo linafaa kuombwa. Ukienda kwa mgeni, nenda ulivyo. Usivae ugonjwa, na usiuvue kwa ajili ya heshima.

Hapa niseme wazi juu ya kutia chumvi. Daktari asiombwe aandike zaidi ya anachokiona. Mbali na kwamba ni uongo, kigezo cha pili kitaufichua. Fomu ya maisha ya kila siku anayojaza mwombaji itasema anahudhuria ibada inayochukua saa tatu kila Jumapili, na ripoti itasema hawezi kukaa dakika kumi. Usifiche kanisa. Eleza kwamba unakaa kiti cha nyuma, unasimama mara kwa mara ukutani, na Jumatatu hutoki kitandani. Tangu mwaka 2016 SSA yenyewe imeacha kusema inapima ukweli wa tabia ya mtu. Inatakiwa kupima kama dalili anazozieleza zinalingana na ushahidi. Maelezo kamili hulingana. Yaliyopambwa huvunjika.

Maombi ya kwanza yakikataliwa, siku ni 60 za kukata rufaa, na SSA huchukulia kwamba barua imekufikia siku tano baada ya tarehe yake. Wengi wanakosea hapa kwa kuanza maombi mapya badala ya rufaa, na kwa kufanya hivyo wanaweza kupoteza miezi ya malipo ya nyuma. Hatua ya kwanza ni faili kuangaliwa upya na watu wengine wa ofisi ileile ya jimbo. Isipofaulu, unaomba kusikilizwa mbele ya jaji wa masuala ya utawala, na hapo ndipo mara ya kwanza anayeamua anaisikia sauti yako. SSA hutoa mkalimani bila malipo. Mwombe wa Kiswahili unachokielewa, na kama wewe ni wa Bukavu na yeye ni wa Mombasa mkashindwa kuelewana, sema palepale ili iingie kwenye kumbukumbu.

Mbele ya jaji kwa kawaida huketi mtaalamu wa ajira. Jaji humpa mtu wa kufikirika: ana umri huu, elimu hii, anaweza kuinua pauni 20, anaweza kukaa saa sita, je, kazi zipo? Mtaalamu hutaja kazi na idadi yake nchini. Kisha mwakilishi wako anauliza: mtu huyohuyo akikosa kazini siku tatu kila mwezi, je? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna mwajiri atakayemweka. Kesi nyingi huamuliwa na swali hilo la mwisho, nalo haliwezi kusimama hewani. Lazima siku tatu ziwe zimeandikwa na mtu wa tiba, na sababu yake. Daktari ambaye hakuandika nambari amemnyima mwakilishi wa mgonjwa swali.

Ushahidi wote unatakiwa umfikie jaji, au ajulishwe kwamba upo, angalau siku tano za kazi kabla ya kusikilizwa. Na tangu mwaka 2015 mwombaji ana wajibu wa kuutoa wote unaohusu ulemavu wake, ukiwemo usiompendeza. Huwezi kuchagua ripoti tamu ukaacha chungu. Ndiyo sababu nyingine ya kuzisoma mapema, ili daktari aombwe kueleza ile chungu: kwamba ile “nafuu” ya Machi ilikuwa baada ya sindano, na ilidumu wiki mbili.

Kwa SSDI kuna tarehe inayowanasa watu kimyakimya. Bima hiyo haidumu milele baada ya kuacha kazi. Kwa aliyefanya kazi mfululizo, kinga yake huisha yapata miaka mitano baadaye. Lazima athibitishe kwamba alikuwa mlemavu kabla ya siku hiyo. Ripoti ya leo inayoeleza hali ya leo, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haimsaidii ambaye kinga yake iliisha miaka miwili iliyopita. Daktari anaruhusiwa kuandika kwa kurudi nyuma, akionyesha kwenye kumbukumbu kwamba hali ilikuwa hivi tangu wakati ule. Lakini mtu amwambie tarehe. Yeye haijui.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kuna badiliko jingine lililoongeza uzito wa ripoti. Zamani, kutojua Kiingereza kulihesabiwa kwa watu wa umri mkubwa kama upungufu wa elimu unaopunguza kazi wanazoweza kupata. Tangu tarehe 27 Aprili 2020 kigezo hicho kimeondolewa. Kutojua kusoma na kuandika bado kunahesabiwa, ila anayeweza kuandika ujumbe mfupi kwa Kiswahili au Kirundi hahesabiwi tena kuwa hajui kusoma. Mama Furaha mwenye miaka 47 angeweza zamani kushinda kwa kazi ya kukaa pamoja na kutojua Kiingereza. Sasa viganja vyake ndivyo vinavyobeba kesi yote, na viganja vinasemewa na daktari.

Na akipata SSI akiwa mkimbizi, saa nyingine inaanza kuhesabu. Mkimbizi asiye raia kwa kawaida hulipwa SSI kwa miaka saba tu, na njia ya kawaida ya kuendelea ni kupata uraia. Uraia una mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali ya Marekani. Ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza anaweza kuomba kusamehewa kwa fomu N-648, ambayo hujazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba aliyemchunguza. Afisa wa uhamiaji haulizi kuhusu mikono wala mgongo. Anataka kujua jinsi ugonjwa unavyoizuia akili kujifunza lugha na kukumbuka majibu, kwa hiyo ripoti iliyomshindia mtu SSI kwa sababu ya viganja haitamfaa hapa hata kidogo. Kama yapo matatizo ya kumbukumbu, yaliyotokana na kiharusi, kupigwa kichwani au mateso ya vita, yachunguzwe na kuandikwa mapema, mwaka wa pili au wa tatu, na yasipingane na yaliyokwisha kuandikwa kwa SSA. Anayekwenda kwa daktari mwaka wa saba, miezi miwili kabla malipo hayajakatwa, anamkuta daktari ambaye hajawahi kumuuliza lolote kuhusu kumbukumbu zake.